Mstari Juu ya Shahada: Tabaka, Lugha na Mapenzi ya Vijana katika Filamu ya Kitamil *Pariyerum Perumal*, Ikitazamwa kutoka Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanahakiki *Pariyerum Perumal*, filamu ya Kitamil ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Mari Selvaraj, kwa kuitazama kutoka Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Hoja yake ni kwamba neno *tabaka*, ambalo uhakiki wa Kiswahili umelizoea mno, halitoshi kueleza kizuizi kinachowatenganisha vijana wawili wa filamu hii, na kwamba upungufu huo huonekana wazi zaidi katika eneo ambalo utajiri hupatikana na kupotea kwa haraka. Makala yanaonesha pia kuwa kizuizi hicho hupita kwanza katika lugha ya darasani kabla ya kufika katika mapenzi.

1.0 Utangulizi

Filamu za kutoka India si ngeni kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki. Mwanahistoria Laura Fair ameonesha jinsi *Awara* ya Raj Kapoor (1951) ilivyowafanya watazamaji wa Zanzibar wajadili haki ya vijana kujichagulia wenza, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa bado mikononi mwa wazazi. Majumba ya sinema yalipofifia, kazi hiyo ilihamia kwenye mikanda ya video, kwenye vibanda, na kwa wasimulizi wanaofasiri filamu kwa Kiswahili huku picha ikienda. Matthias Krings amewachunguza wasimulizi hao, na anayetajwa zaidi kati yao kwa upande wa Tanzania ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Katika miji midogo ya machimbo ya Kanda ya Ziwa, kibanda umiza kimekuwa kwa muda mrefu mahali ambapo kijana aliyetoka kwenye duara hukaa jioni akatazama maisha ya watu wengine.

Pamoja na historia hiyo, uhakiki wa kitaaluma wa Kiswahili umezishughulikia filamu hizo kwa uchache, na unapozishughulikia huzitia zote katika chungu kimoja kiitwacho “filamu za Kihindi.” Jina hilo linapotosha. Kitamil ni lugha ya Kidravidi isiyo na unasaba na Kihindi, na sinema yake ina kitovu chake Chennai, wala si Mumbai. Ina pia mivutano yake na watazamaji wake. Msomi wa isimu ambaye hangethubutu kuziita Kisukuma na Kidholuo lugha moja kwa sababu zote huzungumzwa kando ya ziwa moja hana sababu ya kulegeza ukali huo anapofika India.

*Pariyerum Perumal* ilitolewa Septemba 2018. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Mari Selvaraj, na ilitayarishwa na kampuni ya Neelam Productions ya mwongozaji mwenzake, Pa. Ranjith. Pariyan (Kathir), kijana wa Kidalit kutoka kijijini, anajiunga na chuo cha sheria mjini Tirunelveli, kusini mwa jimbo la Tamil Nadu. Anashindwa kufuata mihadhara kwa sababu ya Kiingereza. Jothi Mahalakshmi, aitwaye Jo (Anandhi), msichana wa familia ya jati ya juu na yenye uwezo, anajitolea kumfundisha. Urafiki wao unakua, na Jo anamwalika kwenye harusi ya nyumbani kwao. Huko baba wa Jo anamtenga Pariyan chumbani, na ndugu wa kiume wa familia hiyo wanamvamia, wanampiga na kumkojolea. Pariyan hamwambii Jo. Kuanzia hapo filamu inakuwa hadithi ya mtu anayebeba siri asiyoitenda, huku mzee mmoja anayeua vijana kwa ajili ya heshima ya jati akikaribia kumfikia.

2.0 Mstari juu ya shahada

Jina kamili la filamu humwongezea mhusika shahada za BA na BL, kisha maneno yenye maana ya “kuna mstari juu yake.” Mstari huo, unaochorwa juu ya herufi za shahada, huashiria kuwa masomo hayajakamilika. Ndivyo Pariyan anavyojitambulisha. Kwa hiyo kabla ya mtazamaji kujua lolote kuhusu mapenzi, anakutana na alama ya kimaandishi, alama inayompa mtu cheo na papo hapo kumnyang'anya. Jina lenyewe pia lina uzito. *Pari* ni farasi, na Pariyerum Perumal ni bwana, tena mungu, aliyepanda farasi. Kijana ambaye jamii inamtaka atembee kwa miguu ameitwa mpanda farasi. Msimulizi anayelifupisha jina hilo kuwa “Pariyan” tangu mwanzo hupoteza kejeli hii bila kujua.

Wahakiki wengi wa filamu hii huanza na jati, wakayapita matukio ya darasani kama utangulizi tu. Uhakiki unaofanywa na wanaisimu hauna budi kukaa hapo. Mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza, na Pariyan haelewi. Anadhihakiwa mbele ya wenzake kama mtu aliyeingia chuoni kwa nafasi maalumu zilizotengwa kwa ajili ya jamii zilizobaguliwa. Hakuna mtu darasani aliyetaja jati wakati huo, wala hapakuwa na haja. Lugha ya kufundishia imeshafanya kazi hiyo kwa adabu. Humtoa mtu nje huku ikidai kwamba imempima akili.

Msomaji wa Shinyanga hahitaji ufafanuzi mrefu hapa. Mtoto wa Kishapu au Nyang'hwale hujifunza kusema kwa Kisukuma, lugha ya toni yenye irabu saba. Akianza shule ya msingi huhamia Kiswahili chenye irabu tano, na akifika kidato cha kwanza huambiwa kuwa maarifa yote, isipokuwa somo la Kiswahili, sasa yamo ndani ya Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi tangu 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kukitumia katika ngazi zote, lakini mlango huo haujapitwa. Mtoto huyu hukutana na mstari wa Pariyan mara mbili kabla ya kufika chuo kikuu.

Kinachofanya ulinganisho huu uwe zaidi ya mfanano wa juu juu ni kwamba chuo cha Pariyan ni cha sheria. Mnamo Januari 2021, Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi katika shauri ambalo upande mmoja ulikuwa Mgodi wa Dhahabu wa North Mara. Siku chache baadaye, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani, na jaji huyo akateuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo wa Februari Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokuwa Sheria Na. 1 ya 2021, ambayo yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikibakizwa kwa mazingira maalumu. Haikuwa bahati tu kwamba uamuzi uliovuta macho ya taifa ulihusu mgodi. Katika ukanda wa dhahabu, mikataba, leseni, ripoti za mazingira na barua za kuachishwa kazi ndizo karatasi ambazo mtu wa kawaida huathiriwa nazo zaidi bila kuweza kuzisoma. Hata hivyo, mwanasheria anayetarajiwa kuzitetea haki hizo kwa Kiswahili mahakamani bado husomeshwa kwa Kiingereza chuoni. Mstari upo palepale, ila umesogezwa upande mmoja.

Hapa ndipo uhusiano wa Pariyan na Jo unapopata sura yake halisi. Jo anampenda Pariyan kwa kumfundisha, na Pariyan, akimwona kama malaika, anampenda kwa kufundishika. Mapenzi na somo la Kiingereza ni tendo moja. Hilo ni tamu kulitazama, na filamu inalipa muda wa kutosha, pamoja na nyimbo. Lakini tangu awali lina ukosefu wa usawa ambao hauwezi kuondolewa kwa wema wa Jo. Mmoja anatoa lugha ambayo hakuitolea jasho, na mwingine anapokea kwa kushukuru kile ambacho kingekuwa haki yake. Mari Selvaraj halisemi jambo hili wazi popote. Anaiacha kamera iuoneshe uso wa Pariyan aliyeelewa neno, na furaha hiyo inatosha kumtia mtazamaji wasiwasi.

Tatizo la tafsiri linajitokeza hapohapo. Kitamil cha Pariyan ni cha Tirunelveli, chenye sauti ya kijijini, na Kiingereza cha mhadhiri kinapita juu yake. Msimulizi akiyageuza yote kuwa Kiswahili kimoja kilichonyooka, mgogoro wa sehemu nzima ya kwanza unapotea, maana watu wote wanaelewana. Njia mojawapo ingekuwa kukiacha Kiingereza cha mhadhiri kama kilivyo na kumpa Pariyan Kiswahili chenye matamshi ya Kisukuma. Ni njia ya kuvutia, na ni ya hatari. Vichekesho vya jukwaani na vya redioni vimemzoesha msikilizaji wa Tanzania kucheka kila anaposikia Msukuma akitamka *l* palipo na *r*. Msimulizi anayetaka huruma angevuna kicheko. Tena kicheko hichohicho ndicho kinachomwangukia Pariyan darasani, kwa hiyo hadhira ingewekwa, bila kutaka, upande wa wanaomdhihaki. Huenda hiyo ingekuwa tafsiri aminifu kuliko zote.

3.0 Tabaka, kufu, na neno lisilokuwapo

Uhakiki wa Kimarx ulioshamiri katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980 uliiachia taaluma ya fasihi ya Kiswahili msamiati wenye nguvu: tabaka, unyonyaji, makabwela, mabwanyenye, mgongano wa kitabaka. Msamiati huo ulifaa sana kwa *Kuli* (1979) na *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) za Shafi Adam Shafi, kazi zilizoandikwa kutokana na macho yaleyale. Wanafunzi wa uzamili wameendelea kuupaka juu ya kila kazi, na mara nyingi umekuwa kama kipimo cha fundi anayepima kila nguo kwa futi moja. Kwa *Pariyerum Perumal*, kipimo hicho kinakosea mahali muhimu.

*Tabaka*, neno lenye asili ya Kiarabu, lina taswira ya kitu kilichopangwa juu ya kingine. Aliye tabaka la chini anaweza, angalau katika fikra, kupanda. Jati haina ngazi. Mtu huzaliwa nayo, huoa au kuolewa ndani yake, na hufa nayo. Pariyan akihitimu, akavaa joho la wakili na kununua gari kubwa kuliko la baba wa Jo, atakuwa amebadili tabaka bila kubadili kile kilichomfanya akojolewe. Mkuu wa chuo katika filamu ndiye ushahidi wa jambo hili. Yeye pia ametoka katika jamii iliyodharauliwa, na anamweleza Pariyan kwamba elimu iliwalazimisha watu wamheshimu. Anayasema hayo akiwa ofisini kwake, nyuma ya meza yake. Filamu haituoneshi kamwe nini kingetokea kama angekwenda kuposa katika nyumba ile ya harusi.

Kiswahili si maskini wa maneno katika uwanja huu, ila maneno yake yako pwani. *Kufu*, neno la fikihi, hutaja ulinganifu wa mume na mke katika hadhi, nasaba na mwenendo, na kauli ya kwamba fulani “si kufu yake” imevunja posa nyingi kutoka Lamu hadi Kilwa. Kuna pia *uungwana*, na kinyume chake ambacho historia ya utumwa ilikiacha katika vinywa vya watu hata baada ya sheria kukifuta. Maneno haya yanaikaribia jati kuliko *tabaka*, kwa sababu yanahusu damu na kitanda kuliko mfuko. *Vuta N'kuvute* (1999) ya Shafi huyohuyo inasomeka vizuri zaidi kwa neno *kufu* kuliko kwa neno *tabaka*. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima, na Denge, mwanaharakati wa Kiafrika, wanatenganishwa na mambo ambayo mshahara hauwezi kuyaziba. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hiyo mwaka 2021 inalielewa hilo. Kamera yake hukaa sana kwenye milango na madirisha, mahali ambapo mtu huonwa akiwa na asiyestahili kuwa naye.

Katika tamthilia, Ebrahim Hussein aliligusa suala hili mapema. *Mashetani* (1971) inawaweka pamoja wanafunzi wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, mmoja wa ukoo ulioshushwa na mapinduzi, mwingine wa familia iliyopanda baada ya uhuru. Urafiki wao unavunjika kwa sababu historia ya kila mmoja inakaa nao mezani. Tofauti na Pariyan ni kwamba Juma na Kitaru wana lugha moja na ufasaha mmoja, na kile kinachowatenga wanaweza kukizungumza hadi kikawatia wazimu. Pariyan hana pa kukizungumzia.

Neno *kufu* hata hivyo halina mizizi mirefu Shinyanga. Mahari kwa Wasukuma huhesabiwa kwa ng'ombe, na swali linaloulizwa kuhusu mkwe mtarajiwa ni la zizi, bidii na tabia ya ukoo wake. Msimulizi wa kibandani aliyemwita Pariyan “si kufu yake” angeeleweka nusu, na akimwita “maskini” angeeleweka kabisa, lakini vibaya.

Lipo pia eneo moja ambapo utamaduni wa Kisukuma unaupinga mwelekeo wa filamu. Baba wa Pariyan ni mcheza ngoma anayevaa mavazi ya kike jukwaani, na wanafunzi wanapomjua wanamvua nguo na kumfukuza barabarani. Ni tukio gumu kuliko yote katika filamu, gumu kuliko hata lile la harusini, kwa sababu mwili unaodhalilishwa ni wa mzee anayeogopa. Katika nchi ya Bagalu na Bagika, ambako vyama vya ngoma hushindana kwa majina na dawa na ambako mchezaji hodari hukumbukwa kwa vizazi, ufundi wa ngoma ni chanzo cha sifa. Mtazamaji wa huku angeshangaa kwanza kwamba mcheza ngoma anaonewa haya na mwanawe, na mshangao huo una faida. Ungemwonesha kwamba aibu ya Pariyan haitokani na ngoma wala na nguo, bali ni aibu aliyovishwa na wengine.

4.0 Damu iliyofichwa na dhahabu iliyofichwa

*Awara*, ile iliyopendwa Zanzibar, nayo ni filamu ya mahakamani. Jaji anaamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Anamkataa Raj, kijana wa mitaani, asimpate Rita, msichana wakili aliyelelewa chini ya uangalizi wa jaji huyo. Filamu inambishia jaji kwa nguvu, ikionesha kuwa ni njaa na mtaa vinavyomfanya mtu mhalifu. Lakini ina karata iliyofichwa mkononi: Raj ni mwana wa jaji mwenyewe. Hoja inasema damu si kitu, na msuko unamrudishia shujaa damu njema. Watazamaji wangeweza kulia kwa ajili ya maskini na kurudi nyumbani bila kuwa wamekubali kuwa mwana wa mwizi hasa anaweza kumwoa binti wa watu.

Mbinu hiyo ya kurudisha nasaba iliyofichwa imo katika ngano nyingi za Kiswahili pia, ambamo kijana mnyonge huja kugundulika kuwa mwana wa sultani. *Pariyerum Perumal* inakataa kabisa kuitumia. Hakuna mama atakayefika sehemu ya mwisho na pete ya utambulisho. Baba anayeletwa ni yule mcheza ngoma, na Pariyan, aliyewahi kumpeleka chuoni mtu wa kukodi aigize kuwa baba yake, anamleta wa kweli. Tukio la baba wa bandia limepokewa na wengi kama kichekesho, kwa kuwa Yogi Babu na wenzake wameshaiandaa hadhira kucheka. Kwa kulilinganisha na *Awara*, linakuwa dhihaka dhidi ya mapokeo mazima ya sinema, yale ya shujaa anayetafuta baba bora.

Ukanda wa dhahabu una ngano yake ya kitu kilichofichwa, na hiyo iko ardhini. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, na Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Pembeni ya migodi hiyo, Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, maelfu ya wachimbaji wadogo huishi kwa matumaini ya mwamba. Kijana aliyeingia kwenye duara asubuhi akiwa hana nauli anaweza, rashi ikitokea, kutoka akiwa na fedha ya kulipa mahari bila kumwomba baba yake ndama hata mmoja. Ni mabadiliko makubwa katika jamii ya wafugaji, ambamo uwezo wa kijana kuoa ulikuwa kwa sehemu kubwa ni uwezo wa baba yake. Vilevile anaweza kuzimaliza fedha hizo ndani ya wiki chache na kurudi kwenye kamba. Wimbo na mazungumzo ya huko huliita jambo hili bahati, mara nyingine nyota.

Mtazamaji aliyelelewa na ngano hii atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini Pariyan asitafute fedha. Swali hilo si la ujinga. Linaonesha kwamba tofauti ya hali katika machimbo hufikiriwa kama tofauti ya wakati: fulani anazo leo, mwingine kesho. Filamu inamjibu kwa ukali kwamba kuna mahali ambapo kesho haipo. Lakini jibu hilo nalo linamrudishia mtazamaji swali kuhusu kwake. Uzio wa mgodi mkubwa unatenganisha watu wawili wanaochimba dhahabu ileile. Anayeruhusiwa kupita langoni kila siku ni yule mwenye cheti, na cheti, kama ilivyooneshwa katika sehemu ya pili, kimeandikwa kwa lugha ambayo wengi waliiachia njiani kidato cha pili. Bahati hubadilisha mfuko tu. Mtoto wa mchimbaji aliyepata dhahabu akishindwa kidato cha nne atarudi kwenye duara, na mtoto wa mhandisi aliyefilisika ataendelea kuwa mtoto wa mhandisi. Kwa hiyo hata Geita si kila kitu ni bahati, na *Pariyerum Perumal* inalifanya jambo hilo lionekane kwa kulitia chumvi ya mbali.

5.0 Sitara ya Pariyan na ujinga wa Jo

Udhaifu mkubwa wa filamu hii ni Jo. Hajui lolote hadi dakika za mwisho. Hajui kilichotokea katika harusi ya ndugu yake mwenyewe, chumba chache tu kutoka alipokuwa. Hajui kwa nini Pariyan anamkwepa. Hajui kwamba baba yake ameonywa na kwamba yeye mwenyewe angeweza kuuawa. Baadhi ya watetezi wa filamu wanasema kuwa kutojua huko ndiko hadhi yake ya kijamii: aliye juu ana haki ya kutojua. Utetezi huo una ukweli, na ungetosha kama filamu ingeuchunguza. Badala yake inautumia. Usafi wa Jo unahitajika ili Pariyan awe na kitu cha kulinda, na mwigizaji anabaki na kazi ya kutabasamu na kulia kwa zamu.

Kimya cha Pariyan kina jina zuri kwa Kiswahili: *sitara*. Anamsitiri Jo asione aibu ya watu wake. Katika maadili ya Kiswahili kusitiri ni wema, lakini tendo hilo lina pande mbili. Pariyan anamsitiri Jo, na katika kumsitiri amewasitiri pia waliompiga, ambao ndio wenye haja kubwa zaidi ya siri. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kauli ya “kuyamaliza nyumbani” inapotumika kwa binti aliyepewa mimba akiwa shuleni, ni sitara ya aina hiyohiyo. Familia mbili hukaa, ng'ombe huhesabiwa, na jambo linafunikwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa, na ukali huo wenyewe ni sababu mojawapo ya watu kutaka kuyamaliza nyumbani. Katika mizani hiyo, sauti ya msichana haipimwi na upande wowote.

Fasihi ya Kiswahili ya eneo la ziwa ilikwishaujua ukosefu huu. Katika *Rosa Mistika* (1971), Euphrase Kezilahabi alimweka msichana wa Ukerewe katikati ya hadithi. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mapenzi, na kila kinachofuata kinapimwa kwa uzoefu wa Rosa, hata kama riwaya hiyo haina upole naye. Barua moja inatosha kuuonesha mfumo mzima. Kama Mari Selvaraj angempa Jo hata nusu ya nafasi hiyo, angelazimika kujibu swali ambalo filamu inalikwepa: je, msichana wa jati ya juu ni mnufaika wa mfumo au ni mali yake? Mzee muuaji anajua jibu. Miongoni mwa waliouawa na mkono wake yumo msichana.

Mahakama za Tanzania zililijibu swali kama hilo kwa namna yake. Rebeca Gyumi alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Shinyanga ilitajwa sana katika mjadala wa wakati huo. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ziliuweka mkoa huo mbele, wanawake 59 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 wakiwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa hadhira yenye kumbukumbu hiyo, msichana wa filamu ambaye hajui kinachoamuliwa juu yake chumba cha pili hawezi kuwa pambo la msuko. Ni mtu wanayemfahamu, na watataka kujua anafikiri nini.

Kuna jambo moja ambalo filamu inalifanya kwa ustadi unaopunguza lawama hii. Pariyan hatamki kuwa anampenda Jo. Alipigwa kabla ya kujua kama alichokuwa nacho ni mapenzi, urafiki au shukrani ya mwanafunzi, na hakupewa muda wa kulijua. Wizi huo ni mkubwa kuliko kuzuiwa kuoa, kwa kuwa aliyezuiwa kuoa angalau anajua alichonyimwa. Filamu nyingi za mapenzi ya wasiolingana, *Awara* ikiwamo, huanza na mapenzi yaliyokamilika kisha zikayawekea kizuizi. Hii imeweka kizuizi kabla ya mapenzi, kwenye mlango wa fahamu.

6.0 Glasi mbili

Baada ya mzee kushindwa kumwua na kujitupa mbele ya treni, Pariyan anakutana na baba wa Jo chuoni. Baba anatoa kauli ya upole kwamba huenda siku za mbele mambo yakabadilika. Pariyan anamjibu kuwa mradi wao wabaki walivyo na kumtaka yeye awe mbwa, hakuna kitakachobadilika. Neno *mbwa* hapo si tusi la kawaida, kwani filamu ilianza na kifo cha Karuppi, mbwa wake mweusi wa kuwindia, aliyefungwa kwenye reli na watu wa jati ya juu, na mbwa huyo amekuwa akimrudia akiwa na rangi ya buluu, rangi ya harakati za Wadalit zinazomfuata Ambedkar. Mfasiri wa Kiswahili atapata shida na mstari huo, kwa sababu mbwa katika matusi ya Kiswahili ana maana nyembamba. Itambidi amtegemee Karuppi amfanyie kazi.

Picha ya mwisho ni ya meza ya chai: glasi mbili zilizonywewa, moja ya chai isiyo na maziwa, nyingine ya chai yenye maziwa, na ua la asumini kati yake. Kwa mtazamaji wa Tamil Nadu glasi mbili si picha isiyo na hatia. Migahawa ya vijijini huko imejulikana kwa kuweka vyombo viwili, cha Wadalit na cha wengine. Hapa zipo meza moja, kwa urefu mmoja, zikiwa tupu kwa kiasi kinachokaribiana, na bado ni mbili. Wapo waliolisoma ua kama daraja na wapo waliolisoma kama mpaka. Kamera imelenga kwa utulivu mno kuruhusu chaguo la haraka, lakini usomaji wa mpaka unaendana zaidi na jibu ambalo Pariyan ametoka kulitoa. Kwa Kiswahili glasi ya kwanza inaitwa chai ya rangi. Msimulizi wa kibandani akiitaja tu, bila kuongeza neno, atakuwa ameifasiri filamu.